Narsisi za Juu ya Paa

Mwaka ule polisi wa Guangzhou walipoanza kukagua pasi za wageni nyumba kwa nyumba, Kalista Mgaya aliacha kuamini watu. Hakukaa chini akaamua. Ilimjia kidogo kidogo, kama unyevu wa Februari unavyopanda kwenye kuta za jiji lile: leo doa dogo kwenye kona, kesho jingine, mpaka unashtukia ukuta mzima unanuka.

Alikuwa mtu wa Njombe, mnunuzi wa vitambaa, na China alishakaa miaka ya kutosha kugombana na wenye maduka kwa lugha yao. Alipanga chumba ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya soko la Zhongda, kwenye vichochoro vya kile kilichokuwa kijiji kabla jiji halijakimeza. Nyumba za pale zimesongamana hivi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpitishia chumvi mtu wa dirisha lile. Viza yake ilikuwa imekwisha kabla ya Krismasi. Wakala aliyeahidi kuirefusha, kila akipigiwa simu, alisema asubiri, mwaka mpya wa Kichina upite kwanza, watu warudi maofisini.

Chumbani aliishi na Herieth, mwanamke wa Makambako aliyekuwa akinunua nguo za watoto. Naye karatasi zake zilikuwa zimepitwa na wakati. Alikuwa mwoga kuliko Kalista. Hakumfungulia mtu yeyote ambaye hakujitaja kwanza kwa Kiswahili.

Alasiri moja ya Januari Kalista alirudi kutoka Liuhua alikokwenda kutazama viatu, akakuta mlango uko wazi na Herieth hayupo. Chai ilikuwa bado vuguvugu. Ndala moja ilikuwa chini ya kitanda, nyingine kizingitini. Wapangaji wa chini walimwambia polisi walipanda moja kwa moja hadi juu, hawakugonga kwingine, wakashuka naye. Lakini kilichomkosesha Kalista amani zaidi kilikuwa kitasa. Kilikuwa kizima. Mlango haukuvunjwa wala kukwaruzwa. Mtu alikuwa ameufungua kwa ufunguo, na mtu pekee mwingine aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile alikuwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba huyo aliitwa Huang. Wapangaji wa Kitanzania walimwita Mama Huang naye akaitika. Alikuwa mjane, mstaafu wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa, mfupi, mwenye vidole vilivyobaki na weusi fulani kwenye kucha ambao hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Alilala ghorofa ya chini, lakini maisha yake yalikuwa juu ya paa. Huko alikuwa na bustani ndani ya ndoo za rangi, masufuria yaliyotoboka na maboksi meupe ya kubebea samaki, yote yamejaa udongo aliopandisha ngazi mwenyewe. Alipanda pilipili, kotimiri, na yale majani membamba yenye harufu ya kitunguu saumu ambayo Wachina hukaanga na mayai. Na kwenye kona iliyopata jua la asubuhi alikuwa na kijisanduku cha matofali kilichofunikwa kwa dirisha kuukuu la nyumba iliyobomolewa, kioo chake kizima. Mvua baridi haikufika ndani yake. Asubuhi Mama Huang aliinua kile kioo kidogo akakiegemeza juu ya kipande cha mti ili hewa ipite, na jua likianza kushuka alikiteremsha tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Ndani ya sanduku lile yaliota majani yaliyosimama wima, ya kijani kilichofifia kuelekea bluu. Kalista hakujua ni ya nini, na kabla ya Herieth kuchukuliwa hakuwa na sababu ya kujua.

Sasa kila kitu kilikuwa na sababu. Alikumbuka jinsi miezi ya nyuma alivyomkuta Mama Huang jikoni kwake akitoa kwenye friji vifurushi vya karatasi, akivifungua, akivinusa na kuvirudisha katikati ya samaki. Wakati ule alicheka moyoni. Sasa alijiuliza ni kitu gani mtu anakificha katikati ya samaki. Alikumbuka pia kwamba mwaka mpya wa Kichina ulipokaribia alimwona yule mama mlangoni akimkabidhi polisi wa mtaa bakuli la maua meupe, yale ambayo Wachina huotesha kwenye maji na kokoto kwa ajili ya sikukuu. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Yule polisi akacheka, akainua uso kutazama madirisha. Kalista, aliyekuwa nyuma ya pazia, alirudi nyuma kwa haraka hata akajigonga kwenye kitanda.

Kisha, wiki ile ile ya kuchukuliwa kwa Herieth, mlango wa kwenda paani ukatiwa kufuli.

Hapo ndipo Kalista alipohesabu kwamba amepata jibu. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba paa ndiyo njia ya kukimbilia. Ukivuka hatua moja ndefu unakuwa kwenye paa la jirani, na kutoka pale unashukia kichochoro kingine. Aliyefunga njia ile alijua anamfungia nani. Jumapili baada ya ibada Kalista alimwambia Muthoni, Mkenya aliyekuwa akisuka nywele mtaa wa pili, naye Muthoni hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Kabla ya wiki kwisha wapangaji wawili walikuwa wamehama bila kuaga, na waliobaki walipokutana na Mama Huang kwenye ngazi walitazama viatu vyao. Yeye aliona. Aliacha kuwapa kotimiri.

Ila palikuwa na mtu mwingine ambaye Kalista hakuweza kumweka kando. Jovitus, Mhaya wa Bukoba, mpangaji wa ghorofa ya tatu, alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti nzito, ndiye aliyeongoza sala za wenzake. Siku ile polisi walipompitia Herieth, yeye hakuwepo. Alisema alikuwa Nansha bandarini akishughulikia kontena. Labda kweli. Lakini hakuna aliyemwona akienda wala akirudi, na mazungumzo yalipofika kwa polisi, alieleza sare zao na idadi yao kama mtu aliyewaona. Kalista alijiambia pengine amesimuliwa. Halafu akajiambia pengine hapana. Tangu siku hiyo alimjibu salamu kwa kifupi.

Basi mwishoni mwa Februari, mchana kweupe, polisi wakarudi. Kalista alisikia milango ya chini ikigongwa na sauti zikitaka pasi. Alizima redio akaketi kitandani, miguu juu, asikanyage sakafu. Mara mlango wake ukagongwa kwa kucha.

"Dada Kalista, ni Jovitus. Wako ghorofa ya pili."

Alisimama, mkono kwenye komeo, hakufungua. Aliwaza kwamba Herieth naye huenda alisikia Kiswahili nyuma ya mlango huu huu. Aliwaza kwamba kama mtu huyu ameletwa kama chambo, basi nyuma yake wamo wenye sare. Aliinama akachungulia chini ya mlango, akaona jozi moja tu ya miguu, tena haina viatu, soksi zimelowa. Soksi zile ndizo zilizomshinda. Akafungua.

Jovitus aliingia akiwa anahema. Viza yake nayo ilikwisha mwezi huo, alisema, na yeye hakuwa amemwambia mtu. Walikaa kimya wakisikiliza. Polisi walifika ghorofa ya nne, wakamchukua kijana mmoja wa Kikongo, wakashuka. Hawakupanda zaidi. Hilo nalo likamtia Kalista wasiwasi: kwa nini wasimalizie ghorofa mbili zilizobaki?

Hawakuthubutu kutoka siku ile wala kesho yake, kwa sababu pikipiki ya polisi ilibaki pale kwenye mdomo wa kichochoro. Kalista alimtandikia Jovitus jamvi karibu na mlango, yeye mwenyewe akalala kitandani na kisu cha matunda chini ya shuka. Hakumwambia na wala hakuona aibu. Chakula kilikuwa mayai, mchele kidogo na chumvi. Siku ya pili Jovitus alisema hawezi kungoja kama kuku tunduni. Alichukua bomba la kuanikia nguo, akapanda zile ngazi fupi za paani, akaipindua kufuli mpaka ikang'oka. Alikuwa akitafuta njia ya kuvukia kwa jirani. Alirudi na habari kwamba jirani ameweka wavu wa chuma, njia hakuna. Mkononi alikuwa na fungu la majani.

"Yamo kwenye lile sanduku lake la kioo," alisema. "Yale ya kukaanga na mayai. Haya ni mazuri kuliko ya kwenye ndoo, manene."

Kalista aliyashika. Hayakunuka kitunguu saumu, lakini mafua yalikuwa yameziba pua yake wiki nzima. Alifurahi, hilo hakulificha baadaye alipojisimulia mwenyewe. Alifurahi kumlia yule mama kitu alichokitunza. Aliyaosha, akayakata, akayakaanga na mayai. Yalikuwa machungu. Yeye alimeza matonge mawili akasukuma sahani. Jovitus, ambaye tangu jana alikuwa amemwachia mwenyeji wake sehemu kubwa ya wali, alikula yote na kupangusa mafuta kwa kidole.

Haikupita muda mrefu akaanza kutokwa na mate. Kisha jasho. Kisha akakimbilia ndoo akatapika, akatapika tena pasipo na cha kutapika, akajikunja sakafuni ameshika tumbo, midomo imemgeuka rangi ya majivu. Kalista mwenyewe alisikia kichwa kikizunguka na kinywa kikichoma. Na kabla hajafikiri la hospitali, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: ametutegea. Siku mbili nyuma, kabla ya polisi kuja, alimwona kupitia ufa wa mlango wa paani, Mama Huang, akinyunyizia kitu kutoka kwenye kichupa ndani ya sanduku lile. Alijua tutaiba. Ameweka sumu kama wanavyowawekea panya.

Hapo akasikia hatua zikishuka kutoka paani. Mlango ukagongwa kwa kiganja, kwa nguvu.

Kalista alimtazama Jovitus, akatazama mlango. Asipofungua, mtu huyu angeweza kufia pale. Akifungua, nani anajua yuko nani huko nje. Jovitus alinyanyua mkono mmoja kana kwamba anakataa, lakini hakuweza kusema. Kalista alifungua.

Mama Huang alikuwa amekuja kugomba. Alikuwa ameshika ile kufuli iliyovunjika, uso umemwiva. Akaona ndoo, akaona mtu sakafuni, akaona kikaangio na vipande vya kijani vilivyogandia pembeni. Kufuli ikamponyoka.

"Mmekula haya?"

Kalista alitikisa kichwa kukubali.

"Si chakula," Mama Huang alisema. "Ni ua."

Akatoa simu. Kalista akamshika kifundo cha mkono, akamwambia hapana polisi, hapana gari la wagonjwa, huyu hana karatasi. Walishindana hivyo kwa muda, wanawake wawili mlangoni, na mkono wa yule mama ulikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Mwishowe Mama Huang alisema, taratibu kama anayeongea na mtoto, kwamba anampigia mtoto wa dada yake, mwenye zahanati, ajiandae. Kalista hakumwamini. Alimwachia kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Mama Huang alipanda paani akarudi na mmea mzima ameung'oa, kuanzia majani hadi kitunguu chake chenye ganda la kahawia, udongo ukidondoka. Walimteremsha Jovitus kwa ngazi, mmoja huku mmoja kule, wakamlaza kwenye mkokoteni wa matairi matatu wa kubebea majora ya vitambaa, yule mama akamfunika kwa turubai na kuweka juu yake maboksi matupu. Pikipiki ya polisi ilikuwa bado pale. Aliyekuwa juu yake alikuwa yule yule wa bakuli la maua. Kalista alitembea nyuma kabisa, kofia ya koti imeshuka usoni, akijiambia sasa, sasa ndipo atakapomwita. Mama Huang alisukuma mkokoteni, akasema jambo kwa Kikantoni, polisi akajibu jambo, wakacheka wote wawili. Wakapita.

Zahanatini yule daktari aliangalia kitunguu cha ua kabla ya kumwangalia mgonjwa. Alisema kitunguu chenyewe kina sumu kali zaidi, na kwamba ni bahati kubwa hakukila. Akamtundikia Jovitus dripu, akampa Kalista dawa ya kunywa, akawaambia hili la kutapika lingechukua muda lakini moyo wa mgonjwa ulikuwa unapiga vizuri.

Basi wakakaa wanawake wawili kwenye benchi la plastiki. Mama Huang ndiye aliyeanza kueleza, bila kuulizwa, na Kichina cha Kalista kilitosha kumfuata. Zilikuwa narsisi za njano. Binti yake aliyeolewa Uingereza alimletea vitunguu vyake ndani ya soksi. Watu wa mtaani walimcheka, walimwambia Guangzhou joto, zile nyeupe za kwenye maji ndizo za kwao, hizo za njano hazitachanua kamwe. Kwa hiyo aliviweka vitunguu kwenye friji miezi mingi ili vidhani ni majira ya baridi, kisha akavipanda ndani ya sanduku ili mvua isivioze. Kichupani mlikuwa na maji ya sabuni, ya kuua wadudu. Na kufuli? Wapangaji walianika jinzi mbichi, moja ilianguka juu ya kioo karibu ikivunje.

Kalista alisikiliza. Kila jibu liliingia mahali pake, isipokuwa la ufunguo.

"Nani aliwafungulia polisi chumba changu?" aliuliza.

Mama Huang hakutazama pembeni.

"Mimi. Walikuja na jina lake wameandikiwa. Walisema nifungue au nyumba ifungwe. Nikafungua."

"Na mimi?"

"Wewe bado hawajakuulizia."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesema mvua bado haijanyesha. Kisha akaenda kumwangalia Jovitus, akamfuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe.

Jovitus alirudi chumbani kwake akitembea mwenyewe, amekonda uso. Kalista alitaka kumwomba radhi kwa jinsi alivyomdhania, badala yake akamkorogea uji. Jovitus aliunywa wote bila kuuliza ndani mmewekwa nini, na hilo lilimuuma Kalista kuliko kama angelaumu. Siku chache baadaye alihamia Foshan kwa jamaa yake mmoja.

Narsisi zilizosalia zilichanua mwanzoni mwa Machi. Mama Huang alimwita Kalista apande azione. Zilikuwa njano hasa, kila ua limechongoka katikati kama tarumbeta, vichwa vimeinamishwa kidogo, nane au tisa hivi, na upande mmoja wa sanduku palibaki vishina vilivyokatwa kwa kisu. Yule mama alikuwa ameondoa kioo kabisa. Alipiga picha nyingi za kumtumia binti yake, akimwomba Kalista asimame kando asitie kivuli. Kalista alisimama kando. Aliona maua ni mazuri, na akaona kwamba mwanamke huyu angemwokoa tena kesho mtu yeyote anayekufa mbele yake, na kesho kutwa angefungua mlango wowote akiamriwa, na asingeona kwamba amefanya mambo mawili tofauti.

Jioni hiyo alimpigia simu Herieth, ambaye alikuwa amesharudishwa nyumbani. Mara zote alizopiga nyuma Herieth hakupokea, na Kalista alidhani ni laini mbovu. Safari hii alipokea. Kalista alimweleza yote: ufunguo, Mama Huang, benchi la zahanati.

"Nilidhani ni wewe," Herieth alisema.

Kalista hakuelewa, akamwomba arudie.

"Ulitoka asubuhi hukusema unakwenda wapi. Kila siku unasema. Wamekuja ukiwa hupo, wamefungua kwa ufunguo. Ningedhani nani? Nimewaambia watu huku kwamba umeniuza."

Alikuwa amekwenda kutazama viatu. Hakuaga kwa sababu Herieth alikuwa bado amelala. Kalista alimwambia hivyo, na akiwa anasema alisikia jinsi maneno yenyewe yanavyofanana na ya Jovitus na kontena lake la Nansha.

Hakumngoja wakala tena. Juma lililofuata alijipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya wageni, Muthoni akamsindikiza mpaka getini na asiingie. Walimweka ndani siku kadhaa, wakamgongea muhuri wa kutorudi, wakampandisha ndege. Mama Huang alimletea sweta kule mahabusu. Nani alimwambia alipo, Kalista hakuuliza.

Njombe alifungua duka la vitambaa karibu na stendi. Ilichukua mpaka Juni Herieth alipokuja. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasifu pamba, wakaongea bei za Tunduma kama watu waliokutana sokoni. Alipomaliza chai alisema ameshawarekebisha wale aliowaambia, angalau wale aliowakumbuka. Kalista alisema asante. Kisha Herieth akapendekeza waende Tunduma pamoja kuchukua mzigo, nauli ya gari la kukodi ingepungua.

Walikwenda pamoja, wakacheka njiani, wakala ndizi choma Makambako kwa dada yake Herieth. Kule gesti ya Tunduma kila mmoja alichukua chumba chake.